Jinsi aliyefilisika anavyoweza kujenga upya sifa ya kukopesheka

DAWA ya deni ni kulipa, wahenga walinena. Hata hivyo, hutokea mja akafika mahali ambapo dawa hiyo hanayo: biashara imeanguka, mshahara umekatika, shamba limepigwa mnada na madeni bado yanazidi mali yote aliyo nayo. Kwa mtu wa aina hiyo, sheria ya Kenya imeweka mlango wa kutokea, nao ni kutangazwa muflisi na Mahakama Kuu.

Wengi hudhani kwamba siku muflisi anapofunguliwa pingu hizo za kisheria, mambo yake na benki pia huwa yamenyooka. Sivyo. Mahakama humwondolea mtu deni, lakini haimrejeshei imani ya wakopeshaji. Imani hiyo hujengwa upya na mhusika mwenyewe, kidogo kidogo, kwa malipo yanayofika kwa wakati na yanayonakiliwa mahali ambapo wakopeshaji wanaweza kuyaona. Asiyeelewa tofauti hiyo huweza kumaliza miaka yake ya ufilisi na bado akajikuta amefungiwa milango.

MIAKA MITATU YA KUNGOJA

Chini ya sheria ya zamani ya ufilisi, Sura ya 53, iliyotumika tangu enzi za ukoloni, muflisi alihitaji kurudi kortini kuomba aondolewe katika hali hiyo. Asiyekuwa na fedha za kumlipa wakili angeweza kubaki na jina la muflisi kwa miaka na mikaka. Sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Ufilisi, Nambari 18 ya 2015, ambayo ilianza kutekelezwa mwaka wa 2016.

Sheria mpya ilikuja na mtazamo tofauti: kwamba mtu mwaminifu aliyeshindwa na madeni astahili nafasi ya pili. Kwa mujibu wa sheria hiyo, muflisi huondolewa katika ufilisi bila kuomba miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa kamili ya mali na madeni yake, isipokuwa kuwe na pingamizi. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba miaka hiyo haihesabiwi tangu siku ya hukumu, bali tangu taarifa hiyo ipokewe. Anayekawia kuiwasilisha hujirefushia adhabu mwenyewe.

Katika kipindi hicho, mali ya muflisi husimamiwa na afisa wa serikali anayehusika na mambo ya ufilisi, aliye chini ya Shirika la Usajili wa Biashara, au na mtaalamu mwenye leseni. Sheria humwachia muflisi vifaa vya lazima vya kazi na vyombo vya nyumbani kwa kiwango kilichowekwa. Hata hivyo, haruhusiwi kuendesha biashara kwa hiari yake bila idhini, na ni kosa kwake kuchukua mkopo unaozidi kiwango cha kisheria bila kumfahamisha mkopeshaji kwamba yeye ni muflisi. Isitoshe, Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia kuwania kiti cha ubunge na Kifungu cha 193 kinamzuia kuwa diwani katika bunge la kaunti, hadi aondolewe katika ufilisi.

NJIA NYEPESI KULIKO UFILISI

Kabla ya kufika huko, mdaiwa anafaa kufahamu kwamba sheria hiyo hiyo imeweka njia nyingine ambazo huacha makovu machache.

Ya kwanza ni mapatano ya hiari kati yake na wadai, ambapo mdaiwa huwasilisha pendekezo la jinsi atakavyolipa, kwa ukamilifu au kwa sehemu, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Wadai wakikubali, hakuna haja ya kutangazwa muflisi.

Ya pili ni agizo la kulipa kwa awamu, linalomfaa mwenye mapato ya kila mwezi ambaye hawezi kulipa deni lote kwa mkupuo mmoja.

Ya tatu ni utaratibu wa wasio na mali. Huu ni wa mtu ambaye jumla ya madeni yake ni kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, hana mali inayoweza kuuzwa, na hajawahi kutangazwa muflisi wala kuutumia utaratibu huo awali. Akikubaliwa, huondolewa madeni yanayohusika baada ya miezi 12 badala ya miaka mitatu.

Mwenye deni la benki anafaa pia kuchunguza hesabu zenyewe kabla ya kukata tamaa. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinasema kwamba mkopo ukishaacha kulipwa, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haipaswi kuzidi kiasi cha deni la msingi kilichokuwa kimebaki wakati huo. Kwa hivyo, ikiwa mkopo uliacha kulipwa ukiwa umebaki Sh300,000, riba inayoongezwa baadaye haiwezi kupita Sh300,000 nyingine, hata miaka ikipita mingapi. Kuna wadaiwa ambao wamepelekwa mbio na madeni yaliyofura kupita kiwango hicho bila kujua kwamba wana haki ya kuyapinga.

KISICHOFUTWA NA MAHAKAMA

Kuondolewa katika ufilisi hakufuti kila kitu. Madeni yaliyotokana na ulaghai hubaki. Malezi ya watoto yaliyoagizwa na korti hubaki. Mkopeshaji aliyeshikilia hatimiliki ya shamba au kitabu cha umiliki wa gari kama dhamana naye huwa na haki yake juu ya mali hiyo.

Lakini jambo linalowaumiza wengi zaidi ni wadhamini. Sheria humwondolea deni muflisi peke yake, haimwondolei aliyemdhamini.

Mathalani, mfanyabiashara wa nafaka mjini Kitale anakopa Sh800,000 kutoka kwa chama cha akiba na mikopo, yaani Sacco, kwa dhamana ya wenzake wanne. Mahindi yanaoza ghalani, biashara inaporomoka na anatangazwa muflisi. Baada ya miaka mitatu anatoka akiwa huru. Wenzake wanne nao, kila mmoja akiwa amekatwa Sh200,000 kutoka kwa akiba yake, wanabaki na majeraha. Huenda kisheria hawawezi kumdai tena. Hata hivyo, siku atakaporudi katika Sacco hiyo akitafuta wa kumtilia sahihi, hao ndio watakaoulizwa habari zake sokoni.

Hii ndiyo sababu muflisi mwenye busara huanza ujenzi wa sifa yake na watu hao kabla ya kwenda benki. Kuwaita, kuwaeleza kilichotokea bila kuficha na kukubaliana nao njia ya kuwarudishia chochote, hata kidogo, ni jambo ambalo hakuna mahakama inayomlazimisha kulifanya. Hata hivyo, katika mji mdogo lina uzito kuliko barua yoyote yenye muhuri.

KUMBUKUMBU ZA CRB

Baada ya majirani kuna kumbukumbu za mashirika ya taarifa za mikopo, ambayo Wakenya huyaita CRB. Kanuni za kwanza za mashirika hayo zilichapishwa mwaka wa 2008 na kuanza kutumika 2009, na shirika la kwanza likapewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mnamo 2010. Miongoni mwa yaliyo na leseni ni TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Kuna dhana potovu kwamba CRB ni daftari la watu wabaya. Mwanzoni benki zilitakiwa kuwasilisha habari za walioshindwa kulipa, na hapo ndipo jina hilo baya lilipotokea. Tangu kanuni za 2013, hata hivyo, habari za wanaolipa vyema pia huwasilishwa. Kwa hivyo, karibu kila aliyewahi kukopa benki yumo. Swali si kama jina la mtu limo, bali ni nini kilichoandikwa mbele yake.

Aidha, CRB haimnyimi mtu mkopo. Kazi yake ni kuhifadhi taarifa na kutoa alama; uamuzi ni wa mkopeshaji. Alama za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900, na kadiri zinavyopanda ndivyo mkopaji anavyoaminika zaidi. Uzito wa alama hizo uliongezeka baada ya Novemba 2019, wakati sheria iliyokuwa imedhibiti viwango vya riba tangu 2016 ilipoondolewa na benki zikarejea kumpangia mteja riba kulingana na hatari yake.

Mkopo huhesabiwa kuwa umeshindikana ukikaa siku 90 bila kulipwa. Kabla ya kuwasilisha habari hiyo mbaya, mkopeshaji anatakiwa kumpa mteja ilani ya siku 30. Kanuni za 2020 zilipiga marufuku kuwasilishwa kwa habari mbaya za madeni yasiyofika Sh1,000, zikawaruhusu wanaokopesha kama vile Sacco kushiriki katika mpango huo, na zikaagiza kwamba anayetafuta cheti cha CRB kwa mara ya kwanza apewe bila malipo.

Linalopaswa kueleweka na aliyefilisika ni hili: habari za mkopo uliokosa kulipwa hazifutiki siku deni linapolipwa. Huhifadhiwa kwa miaka mitano baada ya hapo, japo zikionyesha kwamba deni limekwisha. Vivyo hivyo, amri ya mahakama haipangusi historia. Kinachowezekana ni kuifunika kwa historia mpya iliyo bora.

HATUA ZA KUCHUKUA

Hatua ya kwanza ni stakabadhi. Anayetoka katika ufilisi ahakikishe ana ushahidi wa maandishi kwamba ameondolewa, pamoja na orodha ya madeni yaliyohusika. Nakala zipelekwe kwa kila mkopeshaji wa zamani, naye mwenyewe abaki na ithibati kwamba zilipokewa.

Hatua ya pili ni kusoma kilichoandikwa juu yake. Kila mteja ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila shirika. Inafaa zichukuliwe ripoti za mashirika yote, kwani mkopeshaji mmoja huenda akatazama hili na mwingine lile, na yaliyomo hayalingani kila mara.

Hatua ya tatu ni kurekebisha makosa. Deni lililofutwa huweza kuonekana kana kwamba lingali linadaiwa. Mkopo mmoja huweza kuandikwa mara mbili. Nambari ya kitambulisho huweza kukosewa na mtu akabebeshwa deni la mwingine. Malalamishi huandikwa kwa CRB na kwa mkopeshaji aliyetoa habari hiyo. Haki hii ina mizizi mirefu: Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomwathiri, nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitilia nguvu. Mkopeshaji akipuuza, malalamishi hupelekwa kwa Benki Kuu au kwa afisi ya Kamishna wa Data.

Hatua ya nne ni akaunti inayopumua. Kabla ya kumkopesha mtu, benki hutazama fedha zinavyoingia na kutoka. Mchuuzi anayepokea malipo yote mkononi na kuyatumia papo hapo hana cha kuonyesha. Akipitisha mapato yake katika akaunti au katika laini ya simu ya biashara, hata kama ni Sh500 kwa siku, baada ya mwaka mmoja huwa na kumbukumbu inayosomeka.

Hatua ya tano ni kukopa akiba yake mwenyewe. Hapa ndipo Sacco huwa na faida kubwa. Anayeweka Sh2,000 kila mwezi huwa na Sh24,000 baada ya mwaka. Akiomba Sh20,000, mkopo huo hauzidi akiba yake, kwa hivyo Sacco haina hofu kubwa na kwa kawaida yeye hahitaji kumsumbua mdhamini. Akiulipa kwa wakati, awe na stakabadhi, kisha akope tena kiasi kinachozidi kidogo. Kukimbilia mkopo wa mara tatu ya akiba, kama ilivyo desturi katika Sacco nyingi, kungojee mpaka wenzake wamwone amesimama. Ni vyema pia aulize mapema kama Sacco hiyo huwasilisha habari za malipo kwa CRB, kwani mkopo unaolipwa vyema bila kunakiliwa humfaa mfukoni lakini haumjengei sifa kwingineko.

Chama cha akina mama au cha marafiki nacho humfunza mtu nidhamu, ingawa malipo yake kwa kawaida hayafiki katika kumbukumbu za CRB.

Hatua ya sita ni mkopo mmoja mdogo, unaolipwa hadi shilingi ya mwisho. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa na serikali Novemba 30, 2022, ilianza kwa mikopo ya kati ya Sh500 na Sh50,000 kwa riba ya asilimia nane kwa mwaka, na waliokuwa na doa katika CRB hawakufungiwa nje. Kiwango cha kila mtu huongezeka kadiri anavyolipa kwa wakati.

MTEGO WA MIKOPO YA SIMU

Tahadhari ni muhimu zaidi kwa mikopo ya simu. Wepesi wake ndio hatari yake. Mkopo unaotozwa asilimia 7.5 kwa siku 30 huonekana mdogo, lakini ukirudiwa kila mwezi, mkopaji huwa amelipa asilimia 90 ya deni la msingi kwa mwaka. Anayechukua mmoja ili kulipa mwingine huwa ameirudia njia ile ile iliyomfikisha kortini. Isitoshe, maombi mengi ya mikopo kwa muda mfupi humwonyesha mkopeshaji kwamba mtu huyo amebanwa.

Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za 2022 ziliwataka wapate leseni ya Benki Kuu, na zikawapiga marufuku kumtisha mteja au kuwapigia simu watu waliomo katika orodha yake ya simu ili kumwaibisha. Orodha ya walio na leseni huchapishwa na Benki Kuu, na ni busara kuitazama kabla ya kubonyeza kitufe.

Misamaha nayo isitegemewe. Aprili hadi Septemba 2020, kutokana na janga la korona, kuwasilishwa kwa habari mbaya kulisimamishwa. Oktoba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu nyingine ya mwaka mmoja kwa mikopo isiyozidi Sh5 milioni. Kisha Novemba 2022 Benki Kuu ikaanzisha mpango wa kuwapunguzia angalau nusu ya deni watu waliokwama na mikopo ya simu ya siku 30 au chini, mpango uliofikia kikomo mwishoni mwa Mei 2023 na uliolenga watu wapatao milioni 4.2. Yote hayo yalipita. Waliofaidika ni waliotumia nafasi hiyo kulipa. Waliongoja msamaha mwingine walibaki walipokuwa.

WANAOUZA MIUJIZA

Penye mizoga ndipo tai hukusanyika. Kumezuka walaghai wanaojitangaza katika mitandao ya kijamii kwamba wanaweza kufuta jina la mtu katika CRB kwa ada ya shilingi elfu kadhaa. Hakuna ajuaye siri hiyo, kwani siri yenyewe haipo. Habari za kweli hazifutwi kwa hongo, nazo za uongo husahihishwa kwa malalamishi ambayo mtu anaweza kuyaandika mwenyewe. Anayetoa nambari ya kitambulisho na ya siri kwa watu hao huenda akaamkia mkopo mpya uliochukuliwa kwa jina lake.

Suala hili halihusu mikopo pekee. Waajiri wengi, hasa katika sekta ya umma, wamekuwa wakitaka cheti cha CRB kutoka kwa wanaotafuta kazi, kwa hivyo aliyefilisika huweza kukosa ajira ambayo ingemsaidia kusimama tena. Katika hali hiyo, kueleza ukweli mapema na kuonyesha stakabadhi za kuondolewa katika ufilisi ni bora kuliko kungoja mwajiri agundue mwenyewe.

Kwa yule mfanyabiashara wa Kitale, safari hiyo haitakuwa ya miezi sita. Miaka mitatu ya ufilisi, kisha miaka mingine kadhaa ya kuweka akiba, kukopa kidogo na kulipa kwa wakati, ndiyo kipimo chake. Haba na haba hujaza kibaba. Atakapoingia tena katika afisi ya Sacco akiwa na ripoti safi, wakawepo wawili kati ya wale wanne walio tayari kumtilia sahihi, hapo ndipo atakapojua kwamba ufilisi wake umekwisha.